Kasoro ya Paa Iliyokuwa Ukutani: Kisa cha Nyumba Moja ya Kibada

Faili lilinifikia kwa WhatsApp Alhamisi usiku, likifuatwa na ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Aliyelituma ni mama mmoja mstaafu anayejenga Kibada, Kigamboni, jijini Dar es Salaam. Baada ya salamu na pole za mvua akafika kwenye shida yake: "Mwanangu, kila kitu kipo sawa, ni paa tu limekataa. Nitengenezee hilo paa, Jumatatu fundi anaanza kupaua."

Kwa sisi tunaochora, "ni paa tu" ni kama mgonjwa anayemwambia daktari kwamba ni homa tu. Homa ipo kweli, lakini inatoka mahali.

Nyumba yenyewe haina makuu. Ni mstatili wa mita 12 kwa 10, vyumba vitatu vya kulala, sebule mbele, jiko nyuma, na baraza kwenye kona ya mbele kulia, ndani ya mstatili huohuo. Paa ni la pande nne, mwinuko digrii 25, upenu sentimita 60. Boma lilikuwa limeshapita lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Michoro ya kibali ilichorwa na mtaalamu na ilishapita manispaa. Hili faili lilikuwa jambo la pembeni: mpwa wake, kijana wa chuo asiyesomea ujenzi, aliichora upya nyumba kwenye programu ya kubuni nyumba ili shangazi aone sura, rangi na idadi ya vifaa. Programu ni ya aina ile ambayo ukichora kuta, paa inakutengenezea yenyewe.

Nilipolifungua nikakuta vituko sita. Juu ya masta, yaani chumba kikuu cha kulala, palikuwa na paa dogo lililoinuka kama futi moja kuliko paa lingine, limekaa kama kofia juu ya kofia. Kona ya baraza haikuwa na paa kabisa. Upenu ulifika pale ukakata kona, ukaliacha baraza juani. Katikati ya upande wa mbele, mahali panapotakiwa kuwa bapa, palikuwa na mkunjo mwembamba wa pembetatu kama nguo iliyopigwa pasi vibaya. Nusu ya ukuta wa sebule ilikuwa na mawe ya urembo kwa ndani, na nje, mawe yalipotakiwa kuwa, pamepakwa rangi ya krimu ya sebuleni. Vigae vya jiko vilikuwa vimemwagikia korido. Migongo ya bati ilikuwa minene kama mitumbwi, tena imelala kwa urefu wa nyumba badala ya kushuka na maji. La saba niliuliza mwenyewe: orodha ya vifaa inasemaje? Haikuwa na tofali hata moja.

Kijana alikuwa amepambana, nisimseme vibaya. Alizima ile sehemu ya paa kujijenga lenyewe, akawa anavuta vipande vya paa kwa mkono, kimoja kimoja. Alipokuja kusogeza ukuta, paa likabaki lilipokuwa. Akaiwasha tena, kazi yake yote ya mkono ikafutika. Akazima, akavuta upya. Nadhani wiki nzima ilipita hivyo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhifadhi nakala ya faili na kuipa jina jingine. Ya pili ilikuwa kulifuta paa lote.

Watu hushtuka nikiwaambia hivyo. Ila katika programu za namna hii paa ni mtoto wa ukuta. Kila ukuta wa nje umebeba maagizo yake: juu yangu paa lishuke au niinuke niwe gebo (ukuta wa pembetatu unaofika mpaka kilele cha paa), mwinuko uwe digrii ngapi, upenu utoke kiasi gani. Programu inasoma maagizo hayo, inasoma na urefu wa kila chumba kwenda juu, ndipo inalaza bati. Ukiona paa limepinda ukalinyoosha juu kwa juu, umenyoosha kivuli. Kwa hiyo niliacha picha ya 3D, nikarudi kwenye ramani ya chini na kuzikagua kuta moja baada ya nyingine.

Baraza lilikuwa rahisi. Mpwa alitaka liwe wazi pande mbili, akafuta kuta zake mbili za nje, akabakiza nguzo ya kona. Kwa macho yetu pale ni baraza. Kwa macho ya programu pale ni nje, kama uani, na nje hakupauliwi. Dawa ni kuchora kuta mbili za aina isiyoonekana, zile ambazo hazina unene wala tofali ila zinafunga eneo. Nikazichora, nikalipa eneo jina la baraza, na upenu ukanyooka mpaka kona.

Jiko na korido: nilibofya jiko, vikawaka vyote viwili pamoja, dalili kwamba programu inavihesabu kama chumba kimoja. Nikavuta karibu mpaka nikaona mwanya wa sentimita 3 mahali ukuta wa kati ulipotakiwa kugusana na mwenziwe. Nikauunganisha, vigae vikarudi jikoni.

Mkunjo wa mbele ndio ulionipotezea muda, na ndio ulionifurahisha. Ukuta wa mbele ulionekana mmoja, kumbe vipande viwili vilivyoungana pembeni mwa dirisha la sebule. Cha kwanza kilichorwa kutoka kulia kuja kushoto. Cha pili, kilichoongezwa baadaye sebule ilipopanuliwa, kilichorwa kutoka kushoto kwenda kulia. Programu nyingi hazikuulizi upande upi ni nje. Zinajua kwa mwelekeo wa mkono wako. Ukizunguka nyumba kufuata mshale wa saa, uso wa nje unakaa nje. Ukirudi kinyume, ukuta unageuka kama shati lililovaliwa ndani nje. Hapo ndipo mawe yalipoingilia sebuleni.

Mawe na mkunjo ni jambo moja. Upenu haupimwi kutoka kwenye uso wa ukuta bali kutoka kwenye tabaka lake kuu, yaani kiini kinachobeba. Upande wa mawe una plasta milimita 15 na mawe milimita 30, jumla 45, kabla ya kufika kwenye kiini. Upande wa ndani una plasta 15 peke yake. Ukiugeuza ukuta papo hapo, kiini kinasogea milimita 30, na upenu unasogea nacho. Nusu ya upenu wa mbele ilikuwa mbele ya mwenzake kwa milimita 30. Huo ni unene wa vidole viwili, lakini programu haijui kupuuza; ikaona kuta mbili zisizo mstari mmoja, ikatengeneza kipande cha paa cha kuziunganisha. Nikageuza nusu ile, nikaviunganisha vipande viwe ukuta mmoja. Mkunjo ukatoweka bila mimi kuugusa.

Mpwa alikuwa ameshajaribu kuyatibu mawe kwa njia nyingine: alichukua brashi ya programu akapaka krimu juu ya baadhi yake. Rangi ya namna hiyo inang'ang'ania uso wa ukuta. Nilipougeuza, krimu ikaenda nao, nikalazimika kuibandua yote.

Likabaki paa la masta. Urefu wa vyumba vyote kwenda juu ulikuwa milimita 3000. Wa masta 3300. Nikampigia kijana.

"Kaka, shikamoo. Nilitaka silingi iwe juu pale, ya jipsamu, yenye taa za pembeni."

"Marahaba. Ukipandisha urefu wa chumba unapandisha kichwa cha ukuta, na paa linakaa kichwani. Paa limekutii tu."

Silingi ya kuvutia haihitaji hata tofali moja la ziada. Mafundi wa jipsamu hushusha pembezoni sentimita 15, wakaficha taa humo, katikati pakaonekana pamepanda. Nikarudisha chumba 3000, nikachora silingi kama kitu chake chenyewe, mbali na ukuta.

Kuta zilipokaa sawa, nikawasha paa lijijenge. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi na chaji ya kompyuta inakwenda ukingoni. Nikaandika mwinuko 25, nikapiga picha ya skrini, nikaituma Kibada bila kuitazama mara mbili. Jibu likaja kabla sijafunga kompyuta.

"Mwanangu, mimi sijengi kanisa."

Kwenye kompyuta yangu sehemu ya mwinuko ilikuwa imewekwa kwa kipimo cha Kimarekani: paa linapanda kiasi gani kwa kila inchi 12 za kwenda mlalo. Kule, 25 si digrii 25. Ni kupanda 25 kwa kila 12, ambayo ni digrii 64 na ushee. Nyumba ina upana wa mita 10, kwa hiyo kutoka ukutani hadi mgongoni mwa paa, yaani kileleni, ni mita 5 za mlalo. Kwa digrii 25 mgongo unapanda mita 2.33, kwa kosa langu ulipanda zaidi ya mita 10. Mita 10 za paa juu ya kuta za mita 3! Na mimi ndiye niliyekuwa namfundisha mwenzangu kwenye simu. Nikabadilisha kipimo kuwa digrii, nikaomba radhi, nikalala.

Asubuhi nilianza na bati. Mpwa alikuwa amepiga picha ya bati halisi kwa simu akaipandisha kwenye programu, wazo zuri kabisa. Ila programu haijui picha ile inafunika ukubwa gani wa paa mpaka uiambie, na usipoiambia inakisia. Picha ilikuwa na migongo 5 yenye nafasi ya sentimita 20, yaani mita 1 ya bati. Programu ikaitandaza kwa mita 3, kila mgongo ukapata sentimita 60. Nikaandika mita 1, nikaizungusha picha digrii 90 ili migongo ishuke, basi. Hilo lilikuwa la macho tu. Halikupunguza wala kuongeza bati kwenye hesabu.

Kuta zilikuwa na ugonjwa mkubwa zaidi, kwa sababu hazikuonekana kuwa na ugonjwa. Kwenye picha zilikuwa za tofali. Nilipofungua tabaka zake nikakuta nguzo za mbao za inchi mbili kwa nne zilizopangwa kila inchi 16, na bodi za jipsamu. Programu imetengenezwa huko wanakojenga nyumba za fremu za mbao, na huo ndio ukuta inaokupa usipochagua. Kijana aliubandika picha ya tofali, akaendelea. Orodha ya vifaa haisomi picha, inasoma tabaka. Ikamwandikia shangazi yake mamia ya mbao za ukuta, na mama wa watu alishaanza kuziulizia bei, akiwa na boma la tofali limesimama mbele yake.

Nikaunda ukuta wa kwetu: plasta 15, tofali la inchi 6 yaani 150, plasta 15, jumla milimita 180; za ndani kwa tofali la inchi 5. Nikaufanya ndio wa kawaida kwa faili zima badala ya kubadilisha ukuta mmoja mmoja. Hapa pana mtego. Ukuta wa mbao ulikuwa na unene wa kama milimita 115, na programu iliuongezea unene kutoka katikati, pande zote mbili. Nikapima nje tena: mita 12 zilikuwa zimeota milimita 65. Nikazirudisha kwa mkono, nikalijenga paa upya mara ya mwisho.

Hesabu zikatoka za kibinadamu. Ukijumlisha penu, paa linafunika mita 13.2 kwa 11.2 za mlalo, na kwa digrii 25 hiyo ni mita za mraba 163 za bati kabla ya makato, yaani vipande vinavyokatwa na kutupwa. Bati refu kuliko yote, kutoka upenuni hadi mgongoni, ni mita 6.18. Lile kanisa langu lingekula mita za mraba 340 na zaidi.

Hapo ningeweza kutuma faili na kudai changu. Ila kitu kimoja kilikuwa kinanikera: lile futi moja la masta lilikuwa kwenye picha kwa wiki mbili, na boma lilikuwa linaendelea kupanda wiki hizohizo.

Jumamosi nikavuka kwa pantoni, nikachukua bajaji mpaka Kibada. Mama alikuwa amekaa chini ya mwembe na mfuko wa rambo wenye michoro ya kibali. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kwa kidevu. Sikuhitaji futi kamba. Kuta zote zilikuwa na kozi tatu, yaani mistari mitatu ya tofali, juu ya lenta. Za masta zilikuwa na nne.

"Fundi, hii ya nne imetoka wapi?"

Fundi alijipangusa mkono kwenye suruali, akatoa simu, akanionyesha picha ya kijana, ile yenye rangi. "Si hii hapa, injinia? Masta imepanda. Futi moja siwezi kuipata kwa tofali, nikaweka kozi moja." Kozi moja ya tofali lenye kimo cha inchi 9 pamoja na udongo wake wa kuunganishia ni kama sentimita 25. Alikuwa amekadiria vizuri tu.

"Na michoro ya kibali?"

"Ile haina rangi, bosi. Na mama ndiye aliyenitumia hii."

Mama akafungua mfuko. Tukatandaza karatasi juu ya rundo la mchanga, tukaweka kokoto kwenye kona zisipeperuke. Kuta zote usawa mmoja, limeandikwa waziwazi.

Njia zilikuwa tatu. Kuacha masta ilivyo na kupaua mapaa mawili yenye ngazi katikati: kenchi (fremu za mbao za kubebea paa) za vipimo viwili, na mahali paa kubwa linapogota kwenye ukuta wa dogo kuzibwe kwa bati la kukunja. Fundi mwenyewe aliikataa. "Hapo masika yote mama atakuwa anaweka ndoo." Ya pili, aliyoipenda yeye, ilikuwa kuinua kuta nyingine zote kozi moja. Kuta za nje peke yake zina mita 44, bado za ndani. Fundi analipwa kwa tofali, simlaumu. Ya tatu ni kubomoa kozi ya nne. Chumba ni mita 4.8 kwa 4.2, mzunguko mita 18, tofali kama 38. Kozi ile ilikuwa na siku nne tu, udongo haujashika sana.

Mama aliuliza swali moja: "Ipi haitavuja?" Kisha akasema ibomolewe.

Fundi, nadhani kwa kujipoza, akaleta la gebo. Kwamba kama tungeacha paa la pande nne tukaweka pande mbili na gebo, bati zingepungua. Nimelisikia sehemu nyingi na linaonekana kweli mpaka uliweke kwenye hesabu. Ikiwa mwinuko ni uleule na penu ni zilezile, kila mita ya mraba ya chini inafunikwa na bati lilelile, liwe limeelekea mbele au ubavuni. Nikambadilishia palepale kwenye kompyuta, kuta mbili za ubavuni ziwe gebo: mita za mraba 163, vilevile. Tofauti iko kwingine. Kwa pande nne, mgongo wa juu unabaki mita 2 lakini zinaongezeka pembe nne za kama mita 8.3 kila moja, kwa hiyo kofia, yaani bati la kufunika maungio hayo, ni mita 35 na ushee, na bati nyingi zinakatwa mshazari na vipande kutupwa. Kwa gebo, kofia ni mita 13.2 tu, ila unajenga pembetatu mbili za tofali mpaka juu. Fundi aliangalia namba muda mrefu.

"Kumbe tunachookoa ni kofia."

"Na makato. Lakini unalipa tofali."

"Tofali najua bei yake," akasema, akapanda ngazi na nyundo.

Walibomoa kwa saa mbili. Katika tofali 38, 31 zilishuka nzima. Kijana akapiga simu katikati ya vumbi kuuliza kwa nini kwenye kompyuta yake mawe bado yako sebuleni. Nikamwuliza amefungua faili lipi, akanyamaza, akacheka. Mama alikuwa ameshazipanga zile tofali kwa macho kando ya uzio.

"Hizi zitatosha banda la kuku," akaniambia. "Nalo nichoree, mwanangu. Ila paa lake liwe la upande mmoja."